Hakuna Waribati

Jadida, Wete
Jumamosi, 10 Mei 2025

Ami yangu Hamdan,

Assalaam alaykum. Leo nakuapia kwamba nitakueleza kila kitu, hata yale ya kunitia aibu, usije ukasema Khairat naye anachagua ya kusema kama watu wazima. Baba ameahidi kuipiga picha barua hii kwa simu yake na kukutumia bila kuisoma. Najua ataisoma. Assalaam alaykum na wewe, Baba.

Mwalimu Asma, anayetusomesha jiografia kidato cha pili, alitugawia nchi za visiwa. Kila mwanafunzi achukue nchi yake, aichunguze, aje kuisomesha mbele ya darasa. Mimi niliinua mkono kabla majina hayajaisha kusomwa, nikasema, "Mwalimu, Kiribati ni yangu. Ami yangu anatengeneza mashine za maboti huko."

Maher, ambaye kazi yake darasani ni kusema, akasema, "Ami wa Khairat yuko kila nchi ambayo hakuna anayeweza kwenda kuhakikisha." Wakacheka. Niliipata hata hivyo.

Basi nilisimama na ramani yangu. Nikawaambia visiwa vya Kiribati ni thelathini na tatu, vimetawanyika katika Bahari ya Pasifiki kwenye eneo linaloizidi India, lakini ukikusanya nchi kavu yake yote haiifikii Pemba. Hapo darasa lilitulia. Sisi hatujazoea kuambiwa kisiwa chetu ni kikubwa. Nikawaonyesha mstari wa ikweta, kisha mstari wa nyuzi mia moja na themanini, nikasema nchi hii imekanyaga pande zote nne za dunia, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini.

"Yaani ni Pemba iliyomwagika," akasema Maher. Hata Mwalimu alicheka.

Kisha nikamalizia kwa wenyeji: watu wake ni Waribati, wanakaa Uribati, na lugha yao ni Kiribati. Mwalimu akaweka alama ya vyema, na chati yangu sasa imetundikwa ukutani karibu na mlango.

Sasa sikiliza, Ami. Nimechaguliwa kuiwakilisha skuli yetu katika mashindano ya jiografia, Chake Chake, tarehe 21 Juni. Mshindi ni mmoja tu, naye atapelekwa Unguja kwenye mafunzo ya kuchora ramani kwa kompyuta na picha za setilaiti. Naitaka nafasi ile kuliko nguo ya Idd. Nataka kuwa mtu wa ramani. Sijamwambia mtu isipokuwa wewe, na Baba anayesoma.

Vitabu vinasema aliyevumbua visiwa hivyo ni kapteni wa Kiingereza, mwaka 1788. Ni kweli?

Bibi anakusalimu na anauliza unarudi lini. Amekwisha kukipaka chokaa chumba chako. Tena kila akimtaja Samah wa Tibirinzi hukutaja na wewe, majina mawili kwa pumzi moja. Mimi sisemi kitu.

Mwanao,
Khairat Jecha

*

Betio, Tarawa
17 Mei 2025

Mwanangu Khairat,

Wa alaykum salaam. Na wewe kaka Jecha, shikamoo, endelea kusoma.

Nimecheka mpaka spana imeniponyoka ikaingia majini. Hakuna Waribati! Wala hakuna Uribati. Ile Ki si Ki yetu. Mwenyeji mmoja ni I-Kiribati, na wakiwa elfu ni I-Kiribati vilevile. Usione haya. Mimi nilipofika nilimsimamisha mtu gatini nikamuuliza kama yeye ni Mribati, akadhani nauliza samaki. Sisi ndio maradhi yetu: tukiona Ki tu, tunaanza kuwatafuta Wa.

Jambo la pili. Alfabeti ya huku haina herufi S. Sauti hiyo huandikwa kwa T inayofuatwa na I. Macho yanaona "ti", mdomo unasema "s" au "si". Kwa hiyo nchi inaandikwa Kiribati na inaitwa Kiribas. Kuna na kisiwa kinachoandikwa Kiritimati. Kisome kwa kanuni hiyo. Umekipata? Krismasi! Kapteni Cook alikifikia mkesha wa sikukuu hiyo mwaka 1777, akakibandika jina la siku.

Na Kiribati yenyewe ni Gilbert, huyo kapteni wako wa 1788. Litie jina lake katika mdomo wa mtu wa huku, litatoka Kiribas. Gilbert alikuwa akitoka Australia kwenda Uchina, na alikuwa na haraka. Baadaye baharia wa Kirusi akaliandika jina la Gilbert kwenye ramani, basi, likakaa. Wahispania walikuwa wameshavipita baadhi ya visiwa hivi karibu miaka mia mbili kabla yake.

Haya nimeyapata kwa Mwalimu Teretia wa skuli ya msingi ya hapa. Nilimuuliza swali lako, nani alivumbua. Alikuwa akikuna nazi. Akaikuna mpaka ikaisha, ndipo akajibu, "Hatukuvumbuliwa. Tulipitiwa."

Mwambie Bibi chokaa haiozi, nitakuja inshallah. Pale uliposema habari za Tibirinzi picha imetoka na ukungu, sikuweza kusoma.

Ami yako,
Hamdan

*

Jadida, Wete
24 Mei 2025

Ami Hamdan,

Nilipoisoma barua yako masikio yaliniwaka moto. Kesho yake nilifika skuli mapema, nikapanda kiti nikawafuta Waribati wote kwa wino mweupe. Mwalimu Asma alinikuta juu ya kiti. Nikamweleza. Akajishika mdomo, kisha akasema, "Bora tujicheke wenyewe Wete kuliko tukachekwe Chake."

Maher akauliza, "Na Waswahili je? Wapo, au nao umewafuta?"

Nimefikiri sana, Ami. Waarabu walituletea kitabu. Wao wingi wake wanasema kutub. Sisi tuliona ki, tukasema vitabu, na leo hakuna Mwarabu anayeweza kuja kutudai neno lake. Basi na wao, kapteni aliwaachia jina, wakalipika upya kwa moto wao. Jina likishapikwa hivyo si la mgeni tena. Haya nitayasema Chake. Unaonaje?

Bibi nilimsomea habari za Mzee Teretia. Alisikitika mno. "Masikini! Mzee mzima, tena mwalimu, hana hata mtu wa kumkunia nazi? Weye mwandikie Hamdan amuangalie mzee wa watu." Papo hapo akatoa kitambaa, ameanza kumshonea kofia ya viua, na anauliza kichwa chake kina ukubwa gani. Mimi namwona kama namjua: ndevu nyeupe, fimbo, na miwani iliyofungwa uzi. Nisalimie Mzee Teretia, umwambie neno lake la kupitiwa nimeliandika kwenye ukurasa wa mbele wa daftari langu.

Lakini wakiniuliza ushahidi, nitasema nini? Hao watu wa kwanza walifikaje katikati ya bahari kubwa namna ile?

Na picha ya safari hii Baba ameipiga mchana kweupe. Habari za Tibirinzi zitasomeka: Bibi anasema Samah akimaliza masomo yake, wewe uwe umerudi.

Khairat

*

Betio
7 Juni 2025

Khairat,

Idd Mubarak kwenu nyote. Huku sisi Waislamu ni wachache, tumeswali katika chumba cha rafiki, na pilau ilipikwa.

Kichwa cha Mwalimu ni cha kawaida. Lakini mwambie Bibi kofia asijitie taabu. Mwalimu hana desturi ya kofia.

Swali lako nimelipeleka, na jibu lake ni hili. Kila mji wa huku una nyumba ya baraza, wanaiita maneaba, kubwa kuliko skuli yenu, paa lake limeinama mpaka karibu na ardhi. Zamani mwenye ujuzi wa bahari alikuwa akiwakalisha watoto ndani yake. Paa lilikuwa ndilo mbingu. Kila kombamoyo na kila pau, miti iliyobeba paa, ni mahali pa nyota. Mtoto akijua nyota gani ipo katika pau gani jua linapozama, na itahamia pau gani alfajiri, basi amekwisha kuwa na ramani, nayo haichaniki wala hailowi. Na katika kisiwa cha Arorae, huko kusini, kuna mawe makubwa yaliyopangwa ufukweni, kila safu imeelekezwa kisiwa cha jirani. Anayesafiri hujipanga na mawe, ndipo aondoke.

Kabla ya Gilbert visiwa kumi na sita vya magharibi ya nchi hii vilikuwa na jina lao, Tungaru. Walipojitawala mwaka 1979 wengine walilitaka jina hilo. Lakini taifa lilikuwa na visiwa vingine visivyokuwa vya Tungaru, wakachukua Kiribati ili asibaki mtu nje ya jina.

Sema kwa sauti. Usimwogope mtu.

Habari za Samah nimezisoma. Tutazungumza.

Hamdan

*

Jadida, Wete
Jumapili, 22 Juni 2025

Ami,

Sijashinda, wala sijashindwa. Ngoja nikupe mambo kwa mpango wake.

Mkuu wa majaji ni Bwana Seif, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mtu mrefu, anaongea polepole kama anayepima kila neno kwa kibaba. Nilimaliza maelezo yangu kwa sauti, kama ulivyoniambia. Akanitazama.

"Binti, mdomo wako unasema Kiribas. Chati yako inasema Kiribati. Nishike lipi?"

"Yote mawili, Bwana. Moja ni la macho, moja la mdomo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na nani alivivumbua visiwa hivi?"

"Waliokwenda kukaa ndio waliovumbua. Hao makapteni walipita."

"Walipita!" Akavua miwani. "Mimi nimeandika neno mvumbuzi ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Leo unataka nilifute?"

"Usilifute, Bwana. Lisogeze tu, umpe mwenyewe."

Hapo ukumbi ulivuma, na Mwalimu Asma nikamwona amefumba macho. Nikamweleza Bwana Seif habari za paa na nyota, na mawe ya Arorae. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani shahidi wako?"

"Ami yangu, yuko huko."

"Ami yako Mpemba?"

"Ndiyo."

"Basi hapo pana kazi. Mpemba akisimulia ya mbali, hata mkewe hutaka shahidi."

Walicheka mpaka waliokaa nyuma wakasimama. Mimi pia nilicheka, Ami, nisamehe.

Alama zangu zimelingana na za msichana wa Chake anayeitwa Jawaher. Yeye alisema juu ya Komoro, na vitabu vyake vyote alikuwa navyo mezani. Majaji wameamua hivi: mawe ya Arorae wameyakuta kwenye mtandao, lakini habari ya paa wanataka kuisikia kwa mwenyewe. Nikileta maneno ya mwalimu wa huko, yenye jina lake, kufikia tarehe 5 Julai, nafasi ya Unguja ni yangu. Nisipoleta, ni ya Jawaher, na ataistahiki.

Kwa hiyo nakuomba nenda kwa Mzee Teretia. Kama mkono wake unatetemeka kwa uzee, yeye aseme, wewe uandike.

Kofia imefika nusu. Bibi anasema mtu asiyekuwa na desturi ya kofia ni mtu asiyepewa kofia nzuri.

Khairat

*

Betio
29 Juni 2025

Haya ni maneno ya Mwalimu mwenyewe. Amesema kwa lugha yake, mimi nimeyatia katika Kiswahili bila kuongeza wala kupunguza; mauri ni salamu yao. H.

Mauri, Khairat.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Betio. Sikuusoma ujuzi wa nyota mimi, ila babu yangu aliusoma kidogo kwa babu yake. Alinisimulia kwamba walilazwa chali katika maneaba, na mzee alinyoosha fimbo kwenye paa akauliza, "Kilimia kiko wapi sasa? Na Nge?" Aliyekosea alirudia. Hawakutoka nje kuitazama mbingu mpaka walipoijua ndani. Babu hakuwahi kwenda safari ya mbali. Wakati wake serikali ya Waingereza haikupenda watu wasafiri hivyo. Lakini mpaka anakufa, akiingia nyumba yoyote, alitazama paa kwanza ndipo akasalimu watu.

Wape majaji maneno haya. Waambie pia kwamba si kila mtu aliyajua. Ulikuwa ujuzi wa koo chache, nao waliuficha kama mali. Usiseme tuliujua sote, kwa sababu si kweli, na wewe huhitaji uongo.

Hamdan ananiambia kwamba ukichora ramani ulimi wako unatoka nje. Mimi pia, nikiandika ubaoni. Mwambie Bibi habari ya kofia imenifikia na nimecheka kwa furaha. Nazi najikunia mwenyewe kwa sababu Hamdan akikuna huacha nusu yake kwenye kifuu.

Teretia
Mwalimu

*

Jadida, Wete
Jumapili, 6 Julai 2025

Ami Hamdan,

Jana asubuhi tulikwenda Chake, mimi, Mwalimu Asma, na Maher aliyesema anakuja kubeba chati. Bwana Seif na wenzake walikuwa wanatungoja. Akaniambia nisome kwa sauti, neno kwa neno, na jina la shahidi.

Nikasoma. Nilipofika pale pa babu kutazama paa kabla ya kusalimu watu, Bwana Seif mwenyewe aliinua macho kwenye dari. Pale pasemapo kwamba si wote walioujua ujuzi ule, akagonga meza kwa kidole. "Huyu ni mwalimu," akasema. "Anayekwambia mpaka wa anachokijua, huyo mwamini." Nikaendelea na ya nazi, kwa sababu aliniambia neno kwa neno. Kisha nikasoma jina: "Te-re-ti-a."

Bwana Seif akainua kidole. "Kwa macho, au kwa mdomo?"

Nilifungua mdomo kuisoma kanuni yako, Ami, na nikajisikia ninavyosema: "Te-re-si-a."

Kisha Maher, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, akasema, "Mzee Teresia?"

Wallahi walicheka mpaka Mwalimu Asma alitoka nje. Mimi nilisimama pale nimeshika karatasi. Barua zako zote zilinipitia kichwani. Alikuwa akikuna. Akajibu. Havai kofia. Kiswahili chetu hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Wewe uliliacha pengo, mimi nikalijaza ndevu. Na anayejua kwamba nazi unaiacha nusu kwenye kifuu, jiko lenu ni moja.

Bwana Seif akajifuta macho. "Shahidi amekubaliwa," akasema. "Na nadhani ami yako naye amepata shahidi wake." Akaandika jina langu. Naondoka tarehe 20 kwenda Unguja! Jawaher alinipa mkono. Alikuwa amekaza uso, lakini akaniambia, "Ukirudi unisomeshe hiyo kompyuta," nikamwahidi, na nitafanya.

Nyumbani nilimkuta Bibi barazani na sindano yake.

"Bibi, Mzee Teretia si mzee."

"Kijana?"

"Wala si kijana, Bibi."

"Si mzee, si kijana. Jini?"

"Ni Teresia."

Sindano ikasimama. Bibi akasema, "Nazi! Mwanamke anamkunia nazi mwanangu, na miye nakaa namlilia kama mzee aliyetupwa!" Baba akajifanya kukohoa, akaingia ndani, na huko ndani tulimsikia. Bibi akamwita arudi. "Jecha! Weye ulijua?" Baba akaapa hakujua. Akasema alikuwa akizisoma barua zako mara mbili mbili na naye pia alimwona ana ndevu.

Kofia ameikunja akaiweka. Baadaye akaitoa tena, akasema kichwa cha Hamdan anakijua bila kuuliza.

Jioni Baba alimpigia simu Samah, kwani ni haki yake kujua. Samah alicheka kwa muda mrefu. Alisema hakuna aliyewahi kumuuliza yeye, na kwamba Septemba anaanza chuo cha uuguzi. Anakupongeza. Kwa hiyo lile uliloliogopa halipo.

Bibi aliniuliza kama mmefunga ndoa. Nilisema sijui, hukuniandikia. Akafikiri, kisha akajibu mwenyewe: "Wamefunga. Hamdan n'namjua, hana ushujaa wa haramu." Ila ameumia, Ami, na nilikuapia sitakuficha. Hakuumia kwa kuwa umeoa mbali. Ameumia kwa kuwa mkwewe amekaa huko akijua habari zetu zote, hata kofia, na sisi hatukumpa hata salamu ya kike. Anasema hiyo ni aibu ya nyumba, si yako peke yako.

Leo asubuhi amenikalisha nimwandikie barua yake, ya mkwe kwa mkwe. Salamu tumeziandika, na dua, na maelezo marefu ya jinsi ya kukuna nazi bila kuacha kitu. Juu ya karatasi, pale pa kumwita mtu, tumeacha pengo. Bibi hataki Mwalimu, anasema hilo ni jina la skuli. Mimi siwezi Teresia mtupu, amenizidi umri na ni mke wa ami yangu. Baba amesema "mama mdogo", Bibi amekataa, amesema huwezi kumpa mtu jina kabla hujamuuliza.

Basi muulize, Ami, leo hii, kabla hujarudi gatini, na unijibu kwa barua ya kwanza itakayotoka: yeye mwenyewe anapenda tumwite nani?

Mwanao,
Khairat